Jiwe Lililopakwa Samli

Nilifika umri wa miaka ishirini na mitatu nikidhani kwamba mwanga ni mwanga tu. Mwaka huo, katikati ya miaka ya sabini, niliajiriwa kung'arisha mawe katika kambi ya wapima miamba nje kidogo ya mji wa Kibondo. Kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kuvuta mivukuto ya baba huko kwetu Kitanga, upande wa Kasulu, na kugombana na kila aliyesimama akanizibia hewa. Hasira zangu zilikuwa za karibu sana. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso na kwamba yeye amechoka kungoja niukunjue.

Baba alikuwa mhunzi, mwana wa mhunzi. Majembe ya dukani yalikuwa yameshamharibia soko, kwa hiyo siku hizo alitengeneza visu na kunoa mapanga, lakini mawe aliyajua bado. Alilijua jiwe la chuma kwa kulibeba mkononi, kisha kulilamba. Nilipokuwa mdogo niliona aibu kumwona mtu mzima analamba mawe mbele ya watu. Leo ningetoa chochote nimwone tena.

Kambini nilipewa kazi kwa sababu ya mikono. Mtaalamu wetu alikuwa kijana wa Tanga aliyesoma ng'ambo, mpole, mwembamba, mwenye Kiswahili kitamu ambacho sisi Waha tulikisikiliza kama redio. Alitaka mtu atakayesaga jiwe siku nzima bila kuchoka. Alipouliza nani ana subira, wenzangu walicheka wakinitazama. Mimi nikanyoosha mkono kwa ukaidi tu, nikaipata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Jiwe likatwe kipande cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, litiwe ndani ya gundi ngumu lisivunjike, kisha lisagwe juu ya sahani ya chuma kwa unga wa mchanga mkali na maji. Ukimaliza unga huo unachukua ulio laini zaidi, halafu ulio laini kupita huo, mpaka unafika kwenye kitambaa na unga mweupe usiousikia hata ukiusugua kwa vidole. Siku nzima inakwisha hapo. Jioni jiwe linakuwa kioo, unaona meno yako ndani yake. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye kitambaa, inachora mikwaruzo, unarudi mwanzo. Nilitukana sana katika chumba kile, lakini mawe yangu yalikuwa safi.

Kisha mtaalamu aliyaweka chini ya hadubini. Haikuwa ile ya hospitali, ambayo mwanga unapita katikati ya kitu kutoka chini. Mawe ya madini hayapitishi mwanga hata ukiyakata membamba. Hii ilimwaga mwanga kutoka juu, ukagonga uso wa jiwe, ukarudi machoni kwako. Siku ya kwanza aliponiita nichungulie aliniuliza, "Unajua kwa nini nataka uso uwe kioo?" Nikasema sijui. Akasema, "Kwa sababu nataka mwanga urudi na habari za jiwe, siyo habari za mikwaruzo yako."

Alinieleza mengine kwa mfano wa ua wa nyumba. Mwanga wa kawaida, alisema, unatikisika kila upande. Kabla haujagonga jiwe anaupitisha kwenye kichujio, kigae kidogo cheusi, na kichujio kile ni kama ua wa fito zilizosimama: panga likisimama linapita, likilala linakwama. Kinachogonga jiwe basi ni mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Ukirudi anauwekea kichujio cha pili, ambacho fito zake zimelazwa. Kama jiwe limeurudisha mwanga vile vile ulivyokuja, hakuna kinachopita, unaona giza. Kama jiwe limeupindua, sehemu yake inapenya, jiwe linang'aa. Unalizungusha jiwe polepole. Yapo madini yanayong'aa na kuzimika, yakang'aa tena na kuzimika tena, mara nne katika mzunguko mmoja. Yapo mengine ambayo hata ukiyazungusha mpaka kesho ni giza tu. Hivyo mawe mawili yenye rangi moja mkononi yanajitenga yenyewe mbele ya jicho lako.

"Ukiliuliza jiwe kwa mwanga wa kila upande," alisema, "linakujibu mambo yote kwa mpigo, huelewi. Liulize kwa upande mmoja."

Nilimpenda mtu yule. Aliniachia ufunguo wa chumba, akanifundisha kusoma mwenyewe: lile jiwe la sumaku linalobaki gizani, lile la chuma chekundu linalopepesa kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Wenzangu walikuwa wakinitania kwamba nimekuwa mganga wa mawe, na mimi nilijivuna kuliko mganga yeyote.

Huo ndio ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Kwetu Kitanga watu walikuwa wakiishi mmoja mmoja, kila mtu na migomba yake juu ya kilima chake, na serikali ilitaka tukae pamoja kando ya barabara, karibu na shule na zahanati. Wengi walikubali, wengine walinung'unika, lori lilipofika wote walipanda. Baba hakutaka. Shule hakuwa na ugomvi nayo. Mama alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba yetu miaka miwili tu iliyotangulia, na kila asubuhi baba alikuwa akipita pale kabla ya kuwasha tanuru, akang'oa nyasi mbili tatu, akasimama kidogo. Nilimfahamu baba: alikuwa anamsalimia.

Katika baraza moja mkuu wa kambi yetu aliwahi kuwaambia watu kwamba kilima kitakachowekewa vigingi vya wapimaji hakitaguswa, na watu wake hawatahamishwa, mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi wa madini unaweza kuchukua miaka. Habari hiyo ilimfikia baba. Juma lililofuata akatokea kambini Kibondo na mkoba wa ukindu begani. Alikuwa amepanda lori la maharage mpaka njia panda, akamalizia kwa miguu. Ndani ya mkoba mlikuwa na jiwe kutoka kwenye mashimo ya zamani ya wahunzi, juu kabisa ya kilima chetu.

"Shikamoo, mzee wangu," mtaalamu alimwambia.

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Nimekuletea jiwe. Lisome."

Mtaalamu alilivunja kwa nyundo, akalisogezea jicho, na nikaona nyusi zake zikipanda. Ndani ya weusi wa chuma mlikuwa na punje ndogo za njano iliyopauka, nyingi. Akasema zipo aina mbili za punje za namna ile. Moja ina thamani, kwa kuwa hukaa pamoja na nikeli, ndiyo hasa iliyowaleta huku. Nyingine ni chuma na kiberiti tu, haina kazi. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha zikiwa ndogo hivi. Chini ya hadubini ni rahisi: yenye thamani itang'aa na kuzimika jiwe likizungushwa, ile nyingine itabaki giza.

"Ikipepesa," alimwambia baba, "jiwe lako nalipeleka Dodoma na orodha yangu, na kilima chako kitawekewa vigingi. Lakini lori langu linaondoka kesho kutwa adhuhuri. Lazima lisomwe asubuhi ya siku hiyo."

Hivyo nilikuwa na siku moja. Sijawahi kufanya kazi namna ile, wala baadaye sikuwahi tena. Baba alikaa kwenye kigoda mlangoni, akinitazama tangu asubuhi. Mara moja tu aliuliza kwa nini nalivua jiwe ngozi. Nikamjibu bila kugeuka kwamba hayo ni mambo ya kisomo. Jioni likawa kioo. Nilimpa alitazame, akajiona ndani yake, ndevu zake nyeupe na nyuma yake mlango. Alilishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa yai la njiwa, akanirudishia. Nililifunika kwa kikombe juu ya meza ya chumba changu, tukala ugali na maharage, tukalala.

Alfajiri nilikwenda kisimani kuchota maji ya kuoga. Sikukaa hata nusu saa.

Niliporudi, baba alikuwa amechuchumaa mbele ya meza na jiwe lilikuwa mikononi mwake. Kando yake palikuwa na kibuyu kidogo ambacho sikujua kwamba alikuja nacho. Ndani ya kibuyu mlikuwa na samli iliyochanganywa na majivu ya mkaa wa tanuru letu. Alikuwa analipaka jiwe kwa kidole gumba, akizungusha, taratibu, kwa adabu zote.

Lazima nieleze jambo hili, kwa sababu watu wa leo watamwona mjinga, na baba hakuwa mjinga. Katika ukoo wetu jiwe haliingizwi motoni likiwa kavu. Limetolewa nyumbani kwake mlimani, limepasuliwa, linakwenda kuungua. Kabla ya hapo hupakwa samli na majivu ya moto wa jana, liwe limeagwa, lisikasirike likaficha chuma chake. Babu alifanya hivyo. Nami nilipokuwa mdogo nilishika kibuyu. Baba alikuwa amekaa mlangoni siku nzima akitazama jiwe la mlima wake likivuliwa ngozi, na kesho yake linapelekwa mbele ya taa kali aliyoiona mwenyewe ikiwaka ndani ya chuma cha hadubini. Kwake huo ulikuwa moto. Angeliachaje liende kavu, na ndilo linalokwenda kumwombea kaburi la mkewe?

Lakini majivu ni mchanga mtupu. Nilimpokonya jiwe, nikalifuta kwa spiriti, nikalisogeza dirishani. Uso wote ulikuwa umepauka, mikwaruzo juu ya mikwaruzo, na samli ilikuwa imeingia kwenye nyufa kila mahali. Nilikimbia nalo kwa mtaalamu. Aliliweka chini ya hadubini, akalizungusha, akarekebisha, akalizungusha tena. Mwanga ulirudi ovyo kutoka kila mkwaruzo, na penye utando wa samli palikuwa na madoa ya rangi rangi, kama mafuta ya gari juu ya dimbwi.

"Halisomeki," alisema. Alikuwa na huzuni ya kweli. "Likisagwa upya ni siku nzima. Mimi naondoka saa sita."

Nilimwomba. Nilimwomba mpaka nikaona haya. Akasema hawezi kuandika kwenye orodha kitu ambacho hajakiona, na hapo alikuwa na haki. Lori liliondoka na masanduku yake, jiwe letu likabaki.

Baba alikuwa amesimama nje ya chumba changu, mikono bado ina samli. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile haukuwa hata na aibu. Nilimwita Data, yaani baba kwa Kiha, nikamwambia mbele ya wapishi na madereva:

"Data, umeuza mlima wetu kwa kidole cha samli. Umemwacha mama peke yake. Wewe, kwa mikono yako mwenyewe."

Alitazama mikono yake, akaifuta kwenye nyasi, kwanza upande mmoja, halafu upande wa pili. Akachukua mkoba wake akaondoka, na mimi sikumsindikiza hata mpaka barabarani. Kwetu hata mtu uliyegombana naye unamsindikiza.

Hadubini ilibaki kambini siku nyingine nane ikingoja kufungwa na kusafirishwa. Siku ya tatu hasira ilinipungua, nikalichukua lile jiwe nikalisaga upya, hatua zote, mpaka kitambaa na unga mweupe. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kuwa na uhakika wa ukubwa wa kosa la baba. Nilifungua chumba kwa ufunguo wangu, nikawasha taa, nikaweka vichujio viwili, kimoja wima na kingine kimelala, nikachungulia.

Punje zilikuwa giza. Nilizungusha jiwe robo, giza. Nusu, giza. Chuma kilichozizunguka kilipepesa kama kawaida yake, kwa hiyo vyombo vilikuwa vizima. Nilizungusha mzunguko mzima mara tano, nikabadilisha mahali, nikatafuta punje nyingine, na nyingine. Hakuna hata moja iliyong'aa. Chuma na kiberiti. Kilima chetu hakikuwa na kitu, hakikuwahi kuwa nacho, na samli ya baba haikuwa imepoteza chochote duniani. Hata angelala usingizi mzito asubuhi ile, vigingi visingekuja.

Nilikaa kwenye kiti cha mtaalamu na kulia. Kisha nikafanya jambo baya kuliko lile la mdomo wangu: nikanyamaza.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Mwanzoni nilijiambia kwamba namhurumia. Ni afadhali aamini kilima chake kilikuwa na mali kuliko kujua kilikuwa kokoto. Huo ulikuwa uongo wa kujipaka mafuta. Ukweli ni kwamba kumwambia kungenilazimu kupiga magoti, na magoti yangu yalikuwa magumu. Nikasema nitamwambia nikienda likizo. Nikaenda, nikakuta wameshahamishwa.

Nyumba mpya ilikuwa ya nne kutoka barabarani, mstari ulionyooka kama wa shule. Baba alinipokea vizuri, akaniuliza habari za kazi. Fuawe lake lilikuwa limelala nyuma ya nyumba, juu chini, kuku wakilala kivulini mwake. Nikamuuliza mbona hafui chuma. Akasema mikono iliyokosea jiwe haistahili kushika nyundo. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua imechelewa. Balozi wa nyumba kumi akaniambia pembeni kwamba mzee huwaeleza watu wote, hata wasiouliza, kuwa mlima wa ukoo ulikuwa na mali kubwa na kwamba yeye ndiye aliyeiharibu. Wapo waliomsikitikia. Wapo vijana waliomcheka na kumwita mzee wa samli.

Nilikuwa na neno mdomoni siku zote tatu nilizokaa pale. Jioni ya mwisho nilisema, "Data," akaitika, nami nikamuuliza kama mbuzi wamekunywa maji.

Hivyo ikapita miaka mitatu. Kambi ilifungwa, nikapata kazi ya kunyoosha mabati kwa fundi mmoja mjini Kibondo. Kila nilipokwenda kumwona nilimkuta amekonda zaidi, na alikuwa amezoea kuficha mikono chini ya koti alipozungumza na watu. Kule mlimani alikuwa anakwenda mara moja kwa mwezi, mwendo wa nusu siku, kung'oa nyasi. Halafu miguu ikakataa, hakwenda tena.

Alipougua kifua walimleta hospitali Kibondo. Nilikaa kitandani kwake mchana wa siku ya pili, wodi imejaa, mgonjwa wa jirani anakula chungwa. Baba aliuliza kama naweza kumtafutia mtu wa kupalilia kule nyuma ya nyumba ya zamani, kwa mama. Ndipo nikashindwa. Nilipiga magoti sakafuni, mtu mzima, mbele ya wauguzi, nikamwambia yote. Kwamba jiwe nililisaga tena. Kwamba nililitazama mwenyewe kwa mwanga ule ule, punje zilikuwa giza mzunguko mzima. Kwamba kilima kilikuwa na chuma tu. Kwamba samli haikuwa na kosa, wala mikono yake haikuwa na kosa, na mwenye kosa ni mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu mama alipokuwa hai.

"Asante, mwana wanje," akasema. "Unasema hivyo nipate kupumzika."

"Oya, Data, sivyo. Ni kweli. Niliona kwa macho yangu."

"Uliona lini?"

"Siku tatu baada ya wewe kuondoka."

Akafikiri, kwa utaratibu ule aliokuwa akiupimia jiwe mkononi. Akatikisa kichwa.

"Ingekuwa kweli ungeniambia siku hiyo hiyo. Wewe ni mkali, tangu utoto ni mkali, lakini huna ukatili. Usingeniacha nibebe mzigo ule miaka mitatu."

Niliapa. Niliapa kwa kaburi la mama. Akaniwekea kiganja kichwani ninyamaze, akawa ananishukuru, mara mbili, mara tatu, kwa uongo mzuri niliomtungia. Alifariki siku ya nne. Aliondoka akiamini kwamba yeye ndiye aliyeupoteza mlima, na kwamba mimi ni mtoto mwema.